Daraja la Tatu

Watu wa Wete wananijua kwa simu:
vioo vilivyopasuka, betri zilizovimba kama maandazi.
Wachache wanaijua droo ya chini,
ile niifunguayo baada ya isha, umeme ukiwapo,
nikawalaza juu ya taulo, mmoja mmoja,
majeshi ya sayari.

Wamefika ndani ya marobota ya nguo za watoto,
wamevikwa soksi, wamebanwa baina ya sweta na sweta.
Bi Mize wa mtumba huniwekea.
"Mashetani yako haya," husema. "Elfu mbili,
na huyu asiye kichwa nakupa nyongeza."

Rubani wa Zuhura: mabawa mawili, la kushoto limelegea.
Askari wa Mirihi: magoti bado yanakunjika,
yakilia kidogo, kama ya mtu anayeinuka kwenye sijda.
Roboti mwenye macho matatu, moja limefutika.
Na Kamanda wa Zohali, mweupe,
kofia yake ya kioo hufunguka na kufunga,
chini ya unyayo nambari ya kiwanda,
ndogo kuliko yai la sisimizi.

Nina daftari. Madaraja sikuyatunga mimi.
Baba yangu, Shaame Khatibu, miaka thelathini na moja
alikaa kituo cha kununulia karafuu
akizamisha mkono guniani hadi kiwiko,
akatoa konzi, akaivunja moja kwa ukucha, akainusa:
la kwanza. La pili. La tatu.
Hakuna aliyebishana na pua ile,
ingawa wapo waliomnunia mpaka kwenye maziko.

Basi nami:
la kwanza, viungo vikaze, rangi iwe ya kuzaliwa, silaha mkononi.
La pili, kovu moja, lisiwe usoni.
La tatu, waliobaki.
Na plastiki inayonata kama halua ya siku nne,
hiyo ni mpeta, haifiki hata mizanini.

Hilali wa Unguja alimtaka Kamanda.
Alimpenda kwa picha. Laki mbili na nusu, akasema,
kama ni la kwanza.
Begani, kwenye mstari mwekundu, palikuwa pamechubuka
kiasi cha punje ya mchele.
Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu,
nyekundu ile ile, nilidhani,
nikaitia kwa ncha ya sindano, pumzi nimeizuia,
nikamwacha dirishani akauke.

Baba akaja kufuata chaja yake.
Macho yake siku hizi ni ukungu.
Alimtwaa Kamanda kama atwaavyo embe sokoni,
akampapasa mgongo, akamkunja kiwiko,
akampeleka puani.

Nilicheka. Yeye hakucheka.
"Huyu kaanikwa juani siku nyingi, upande mmoja.
Mgongo umekauka, kifua bado kina ubichi.
Na hapa begani," kidole kikasimama,
"mtu katia maji."

Kutia maji:
dhambi ya wale waliokuja alfajiri
na magunia mazito kuliko mavuno yao.
Wengine walikuwa ndugu zake. Aliwarudisha
wakaanike upya, kando ya barabara, mbele za watu.

Hakuniuliza ni nani.
Niliifuta rangi kwa pamba na spiriti, ikatoka,
ikatoka na kipande cha nyekundu ya asili.
Sasa zilikuwa punje mbili za mchele.
Nikaandika: Kamanda wa Zohali, daraja la tatu.
Hilali akajibu: elfu arobaini.
Nikamfunga kwa gazeti.

Baba alikuwa bado ameketi,
mapajani kopo la maziwa, lile ninalotupia vipande:
mikono isiyo na wenyewe, bunduki za mwanga, antena,
kofia ya mtu ambaye hakuwahi kufika Pemba.
Vidole vyake vilikuwa vikichambua, haya huku, haya huku.

"Na haya?"
"Takataka hayo, baba."
"Takataka," akasema, na vidole havikusimama.
"Makonyo nayo yana bei yake."